Kenya na Tanzania: Gari la kukodi na gharama ya kurudi tupu

Kutoka Nairobi hadi Arusha ni takriban kilomita 270 za lami, na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro uko mwendo wa chini ya saa moja mbele yake. Hata hivyo, msafiri anayetaka kukodi gari katika uwanja wa Jomo Kenyatta na kuliacha Kilimanjaro hutozwa bei isiyolingana na umbali huo.

Sababu ya kwanza ni ya kibiashara. Gari lililoachwa ugenini halina budi kurejeshwa. Mwenye gari hulipa mafuta, dereva na siku ambazo gari haliingizi chochote, kisha gharama hiyo humwangukia mteja. Kwa hiyo anayekwenda bila kurudi hulipia safari mbili.

Ndani ya nchi moja, mzigo huo hupungua pale wateja wa kwenda wanapolingana na wa kurudi, kwani gari hupata mteja mwingine huko huko lilikofika. Mpakani hesabu hiyo huvurugika. Gari lenye namba za Kenya huingia Tanzania kwa kibali cha muda na kwa bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, lakini halina ruhusa ya kufanya biashara huko kama gari la wenyeji. Hata mteja akiwepo, gari hurudi tupu.

Suala hili limewahi kuzua mvutano mkubwa. Desemba 2014, Kenya ilizuia magari ya watalii ya Tanzania kuingia uwanja wa Jomo Kenyatta, ikitaja makubaliano ya utalii ya mwaka 1985. Machi 2015, Tanzania ilijibu kwa kupunguza safari za ndege za Kenya kutoka 42 hadi 14 kwa wiki. Marais Uhuru Kenyatta na Jakaya Kikwete walikutana Windhoek mwezi huo huo, na vikwazo hivyo vikaondolewa.

Kituo cha pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, kimerahisisha ukaguzi. Lakini kupita mpaka haraka si sawa na kupewa haki ya kubeba abiria upande wa pili. Mabasi madogo ya Nairobi na Arusha huuza viti kwa bei nafuu kwa kuwa hupata abiria kwenda na kurudi.

Kwa Rwanda na Burundi, kuna kikwazo cha ziada: huko magari hupita kulia, ilhali Kenya, Uganda na Tanzania hupita kushoto.

Nafuu, basi, haitaletwa na barabara peke yake. Itategemea kama serikali za Jumuiya ya Afrika Mashariki zitakubali gari la jirani lipakie abiria linaporejea kwao, jambo ambalo wenye magari wa kila upande huliona kuwa tishio kwa riziki yao.