Mafuta yanashukia Kurasini, mashimo yanabaki Kurasini

NDUGU msomaji, siku ukipanda daladala la Mbagala, shuka Uhasibu uingie kwa miguu ndani ya Kurasini, kule kwenye maghala ya mafuta na yadi za makontena. Kiangazi utakula vumbi. Masika utavuka madimbwi ambayo hujui kina chake mpaka bodaboda aliyekutangulia azame.

Ukifika kwenye shimo kubwa, simama, tazama upande wa bahari. Ile ndiyo gati ya mafuta ya Kurasini. Hapo inashushwa sehemu ya petroli na dizeli inayotembeza nchi hii, na kila lita ikiuzwa kwa Mtanzania inakatwa tozo ya barabara. Hata wewe usiye na baiskeli unalipa, kwa maana tozo hiyo imo ndani ya nauli ya daladala na ndani ya bei ya fungu la nyanya.

Basi swali letu la leo ni dogo tu. Fedha hiyo inapita hapa ikienda wapi?

Sheria haina utata. Ile Sheria ya Tozo za Barabara na Mafuta ya mwaka 1985, iliporekebishwa mwaka 1998, iliunda Mfuko wa Barabara na kutaka angalau asilimia 90 ya fedha zake ziende kwenye matengenezo. Si kwenye barabara mpya za kukatia utepe. Matengenezo! Mwaka 2021 Bunge likaongeza Sh. 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa hizo ni za TARURA, kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini. Tukalipa, na tunaendelea kulipa.

Sasa tuelewane kuhusu neno matengenezo, maana waheshimiwa wamelipotosha. Kwao kutengeneza ni kusubiri barabara ife, kisha kumwaga kifusi wiki moja kabla ya ziara ya kiongozi. Mhandisi yeyote atakwambia kinyume chake. Lami haifi kwa siku moja. Kwanza unatokea ufa, maji yanaingia, tabaka la chini linalowa, lori linapita juu yake, na ufa unakuwa shimo. Aliyezibua mtaro na kuziba ufa mapema ametumia fedha kidogo. Aliyengoja atachimbua barabara yote na kuanza upya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Benki ya Dunia nayo, katika ripoti yake ya mwaka 1994, ilikadiria kwamba dola bilioni 12 zingetumika kwa wakati kutunza barabara za Afrika, zingeokoa dola bilioni 45 za kuzijenga upya. Kwa nini basi haifanyiki? Kwa sababu hakuna mheshimiwa anayepigwa picha akizindua ufa uliozibwa!

Kurasini ina mzigo wake wa ziada. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uzito juu ya ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka kama mara 16. Ndiyo maana sheria ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika nchini Machi 2019, inataka ekseli ya matairi manne isizidi tani 10 na gari zima lisizidi tani 56. Sheria nzuri. Lakini lori linalotoka bandarini kwenda yadi ya hapo hapo Kurasini halifiki mizani ya Vigwaza. Linakanyaga mitaa ya watu. Hivi mtaa uliojengwa kwa magari madogo, unaopitisha matenki ya mafuta usiku na mchana, unaweza kupangiwa bajeti sawa na mtaa unaopitisha bajaji?

Watasema fedha haitoshi. Kweli, haitoshi. TARURA ina mtandao wa zaidi ya kilometa 140,000, wakati TANROADS ina kama kilometa 37,000. Lakini kwa miaka mingi Mfuko umegawanywa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa barabara za halmashauri. Tunajua barabara kuu hubeba mizigo mizito na hugharimu zaidi. Lakini fedha ikiwa haba, hapo ndipo mpango unapohitajika zaidi. Mwenye shilingi chache ndiye anayepaswa kuandika matumizi yake kabla ya kwenda sokoni.

Na hapa ndipo penye siasa, ndugu msomaji. Zamani mwananchi wa Kurasini alimbana diwani wake. Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali kuu chini ya TAMISEMI. Meneja wake hakuchaguliwa na mtu, na madiwani hawawezi kumwajibisha. Diwani ananyoosha mikono, meneja anasema anasubiri fedha, Hazina iko kimya. Shimo halina mwenyewe.

Temeke hii haikuzoea kunyamaza. Ndiyo iliyompeleka Augustine Mrema bungeni mwaka 1996, vigogo wa chama tawala wakiwa hawaamini macho yao. Leo tunadai mambo matatu tu. Kwanza, kila mwaka wa fedha orodha ya barabara zitakazotengenezwa ibandikwe ofisi ya kata, ikionyesha kiasi kilichopangwa na kiasi kilichotoka. Pili, mitaro na nyufa za barabara ambazo bado nzima zihudumiwe kwanza, kabla ya kuahidi lami mpya. Tatu, mitaa inayobeba malori ihesabiwe kwa uzito wa malori hayo, na wenye yadi na maghala wachangie utunzaji wake.

Mkutano wa mtaa wenu ukiitishwa, usikae nyumbani. Nenda, nyosha mkono, uliza kwa adabu: katika bajeti ya mwaka huu, mtaa wetu umo au haumo? Ukijibiwa kwamba suala litafanyiwa kazi, usikae chini. Uliza tena. Fedha ni yako, umeshailipa kwa kila lita.