Wasee wa Gym Voi, Macho Si Misuli

Wasee wa Voi, kutoka Sofia mpaka Mwakingali: mtu akikuuzia sindano za homoni ya ukuaji ati kifua kitanuke haraka, muulize swali moja tu. Macho yangu nani atayalipia?

"Kwani macho yanaingiaje hapo?" Yanaingia hivi. Homoni hiyo ikifika kwenye ini, ini linatoa kichocheo cha ukuaji kinachoitwa IGF-1. Hicho hakichagui misuli pekee. Kinazunguka na damu mpaka kwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Sasa, retina iliyoumizwa na kisukari hukosa oksijeni, na vichocheo vya ukuaji vikizidi inaota mishipa mipya ya damu. Mishipa yenyewe ni dhaifu. Inavuja, inapasuka, inaweza kuvuta retina ikabanduka. Hapo ndipo giza huingia.

Hii si stori ya jana. Mwaka 1953 daktari J. E. Poulsen aliandika kuhusu mwanamke mwenye kisukari ambaye tezi inayotoa homoni hiyo, chini ya ubongo, iliharibika baada ya kujifungua. Macho yake yakapata nafuu! Baadaye madaktari wakawa wanaitoa tezi hiyo makusudi ili kuokoa macho ya wagonjwa, mpaka leza ikachukua nafasi. Yaani watu walipasuliwa kichwa kupunguza kitu ambacho wewe unakinunua kwa pesa yako.

Utaniambia, "Mimi sina kisukari." Ulipima lini? Homoni yenyewe hupandisha sukari. Na utafiti uliofanywa Nakuru kwa watu wa miaka 50 kwenda juu ulikuta zaidi ya theluthi ya wenye kisukari tayari wana madhara kwenye retina. Mwanzoni huwa hakuna maumivu yoyote.

Sisemi kila anayejidunga atapofuka. Kuna wagonjwa wanaoihitaji kweli, na daktari huwafuatilia. Lakini daktari huyohuyo hatakiwi kumpa mtu ambaye retina yake imeharibiwa vibaya na kisukari. Muuzaji wako wa DM amekuangalia retina lini?

Pima sukari. Kula mayai na maharagwe, beba chuma, lala. Kifua kitachelewa, lakini kikija utakiona kwa macho yako mwenyewe.