Kicheko cha Makusudi na Afya ya Mwanafunzi wa Uuguzi

Mwanafunzi wa uuguzi anayepelekwa kwa mafunzo ya vitendo katika zahanati ya kijijini, mathalani katika kata ya Tindiga wilayani Kilosa, hukabiliwa na mambo ambayo darasa halikumwandaa kuyabeba: mtoto mwenye malaria kali aliyecheleweshwa na maji yaliyokata njia, mama anayevuja damu baada ya kujifungua huku gari la wagonjwa likisubiriwa, na kifo cha kwanza kukishuhudia kwa macho yake. Usiku hujisomea mtihani; asubuhi huvaa sare yake kana kwamba hapakutokea jambo. Akiambiwa acheke, ana haki ya kudhani kuwa anadhihakiwa.

Hata hivyo, yoga ya kicheko inastahili kusikilizwa. Ilianzishwa mwaka 1995 na Madan Kataria, daktari wa Mumbai, akiwa na watu watano tu katika bustani ya umma. Mwanzoni walisimuliana vichekesho. Vichekesho vizuri vilipokwisha na vibaya vikaanza kuwaudhi baadhi yao, Kataria aliviacha kabisa na kuwafundisha kucheka kwa makusudi, bila sababu. Washiriki hupiga makofi kwa mdundo, hutamka "ho ho, ha ha ha", hutazamana machoni, na baina ya kicheko na kicheko huvuta pumzi ndefu. Kicheko huambukiza, kilichoanza kwa kujilazimisha aghalabu huishia kuwa cha kweli. Wakati huo kiwambo na misuli ya tumbo hufanya kazi, mapigo ya moyo hupanda kisha hushuka, na mwili hulegea.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka Isfahan, Iran, ulihusu wanafunzi 38 wa uuguzi, wote wanaume. Waliopewa vipindi 8 vya saa moja walipata nafuu katika dalili za mwili, wahaka, usingizi na mahusiano na wenzao.  Idadi hiyo ni ndogo, na matokeo yake yasitangazwe kama dawa. Lakini sonona ndiyo inayofaa kukumbukwa zaidi na walezi wa wanafunzi. Kijana aliyepoteza hamu ya kula, anayeamka alfajiri na kulia, au anayesema heri asingezaliwa, hahitaji kupigiwa makofi. Anahitaji kuonwa na mtaalamu, tena siku hiyohiyo.

Tanzania ina sababu yake ya kutodanganywa na sauti ya kicheko. Tarehe 30 Januari 1962, majuma machache baada ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa na hali hiyo, wakicheka na kulia kwa zamu, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Madaktari hawakupata sumu wala vijidudu vya kuieleza. Waliocheka pale hawakuwa na furaha. Kilikuwa kilio cha mabinti waliobanwa, kikatoka kwa mlango mwingine. Chuo kinachoandaa kipindi cha kicheko huku kikiwapanga wanafunzi zamu za usiku mfululizo bila msimamizi kinafunika kidonda kibichi.

Wala si lazima zoezi hili liingie Kilosa kama mgeni kutoka Mumbai. Miongoni mwa Wakaguru na majirani zao upo utani, na mtani ana ruhusa ya kufanya mzaha hata matangani, mbele ya wafiwa, na hakuna anayemkasirikia. Wazee walijua kwamba anayechimba kaburi anahitaji pumzi. Mkufunzi mwenye busara angeanzia hapo: awaulize wanafunzi nani ni mtani wa nani, kisha awaachie nafasi. Dakika ishirini mara mbili kwa juma zinatosha kuanzia, na gharama yake ni kivuli cha mwembe. Asilazimishwe mtu, na asipewe alama kwa kucheka. Mwenye ngiri, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito aliyekaribia kujifungua, mwenye kifafa, au mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, akae pembeni avute pumzi tu.

Kuna jambo moja ambalo waandaaji hulisahau, nalo katika zahanati ndogo ni kubwa. Vyumba viko karibu, madirisha yako wazi, na kicheko cha watu kumi husikika hadi kwenye benchi alipoketi mama aliyempoteza mtoto alfajiri ile. Mwembe huo utafutwe mbali na wodi, na kabla ya kuanza, mmoja aende kwanza akatazame ni nani aliyeketi pale nje.