Umefunga gesi lakini gari bado inakula? Angalia mchanganyiko kwanza

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inapotangaza bei mpya za mafuta, mafundi wa gesi Dar es Salaam wanaulizwa swali lilelile: kufunga mfumo wa gesi ni bei gani?

Hesabu inaeleweka. Miaka ya karibuni petroli imekuwa ikicheza karibu na shilingi 3,000 kwa lita. Gesi asilia ya magari imezoeleka kwa shilingi 1,550 kwa kilo, na kilo moja ina nishati ya takribani lita moja na nusu ya petroli. Yaani unapata "lita" kwa kama shilingi 1,030.

Mjadala wetu umebaki hapo, pamoja na foleni za vituoni. Kinachosahaulika ni kwamba hesabu hiyo inashika tu kama injini inapata gesi na hewa kwa kiwango sahihi. Kwa gari kuukuu, mara nyingi haipati.

Petroli inahitaji hewa kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya mafuta. Gesi yetu ya Songo Songo karibu yote ni methane, na methane inataka hewa kilo 17.2. Pia gesi inaingia kwenye injini ikiwa hewa tayari, inachukua nafasi ambayo ingejazwa na hewa yenyewe. Ndiyo maana hata ikifungwa vizuri, gari hupoteza nguvu kidogo, kama asilimia 10 au zaidi. Dereva akipanda mlima anaiona.

Hapo ndipo makosa yanapoanza. Dereva analalamika gari nzito, fundi anafungulia gesi zaidi. Gari inachangamka kidogo, anaondoka ameridhika. Baada ya wiki anagundua mtungi unaisha mapema.

Chukua dereva wa teksi anayetumia kilo 10 kwa siku. Mchanganyiko ukizidi gesi akachoma asilimia 15 ya ziada, hiyo ni kilo moja na nusu, shilingi 2,325. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 60,450. Na hapo hujaweka muda wa kurudi kwenye foleni mara nyingi zaidi.

Kinyume chake ni kibaya zaidi, ila hakionekani haraka. Fundi akibana gesi ili "gari isile", mchanganyiko unakuwa mwepesi na unawaka taratibu. Moto unaendelea hadi valvu ya ikizosti inapofunguka. Valvu zinaungua, na sehemu zinapokalia zinalika, hasa kwenye injini za zamani ambazo chuma chake hakikutengenezwa kwa mafuta makavu kama gesi. Miezi kadhaa baadaye kompresheni imekwisha, gari asubuhi haiwaki.

Sasa angalia nani analipa nini. Gari nyingi za biashara si mali ya anayeziendesha. Dereva ananunua gesi na kupeleka hesabu kwa bosi kila siku. Bosi ndiye atakayelipia injini. Kwa hiyo dereva ana kila sababu ya kutaka gesi ibanwe leo, na bosi hajui lolote mpaka silinda hedi ifunguliwe. Fundi naye keshalipwa siku ya kufunga. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao anayelipwa ili kupima mchanganyiko, na kwa maoni yangu hilo ndilo tundu kubwa kwenye habari nzima ya gesi ya magari.

Kurekebisha si uchawi. Kwanza gari iwe nzima kwenye petroli: plagi, waya za plagi, koili na airkilina. Gesi ni ngumu kuwaka kuliko petroli, plagi iliyochoka ikivumilika kwenye petroli itamisi kwenye gesi. Mafundi wengi hubana kidogo nafasi ya plagi kwa sababu hiyo.

Gari ya kabureta inatumia miksa, na kuna skrubu mbili za kucheza nazo: ya injini ikiwa imetulia, na ya kwenye mpira wa gesi kwa ajili ya mwendo. Zinarekebishwa injini ikiwa imeshapata moto, kwa kipimo cha moshi. Kutegemea sikio peke yake ni kubahatisha. Ukisikia mlio kama bunduki kwenye airkilina, shuku mchanganyiko mwepesi au moto dhaifu wa plagi, na usiendelee kuendesha hivyo.

Gari za injekta zina kompyuta ndogo ya gesi, na fundi anaunganisha laptop. Anatakiwa kulinganisha marekebisho ya kompyuta ya gari ikiwa kwenye petroli, kisha kwenye gesi. Tofauti ikizidi asilimia 10 hivi, bado kazi haijaisha. Sensa ya oksijeni ikiwa imekufa, kama ilivyo kwenye Toyota nyingi zilizotembea sana, laptop inadanganywa. Na injini za D4 ni kesi nyingine kabisa. Nozeli zake ziko ndani ya chumba cha moto na zinahitaji petroli kidogo ili zipoe, usikubali zifungwe mfumo wa kawaida.

Skrubu na laptop ni za fundi, lakini hata yeye mabomba ya mtungini hayafungui kienyeji. Mle ndani kuna presha ya bar 200.

Kwa mwenye gari, uliza mambo mawili kabla ya kutoa pesa: je, bei inajumuisha kurudi kupimwa baada ya kilomita 1,000, na je, utapewa karatasi ya vipimo vya moshi au picha ya skrini ya laptop? Karatasi hiyo akae nayo bosi, nakala abaki nayo dereva.