"Hao huchelewa" si jibu la kitabibu

Kliniki zetu za watoto zinajua kupima uzito. Mtoto anavuliwa nguo, anawekwa kwenye mizani, analia, muuguzi anasoma kilo, anatia nukta kwenye kadi na kutazama kama mstari umepanda au umelala. Kazi hiyo imeokoa watoto wengi na tunaiheshimu. Lakini akiletwa mtoto mwenye sindromu ya Down wa miezi 20, hajasimama, hajatamka hata "mama", na mzazi akauliza kulikoni, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba hao huchelewa. Anavishwa nguo, tarehe ya kurudi inaandikwa, wanaondoka.

Jibu hilo tunalikataa. Ni kweli huchelewa. Kromosomu 21 ya ziada, ambayo Jérôme Lejeune na wenzake wa Paris waliitangaza mwaka 1959, humfanya mtoto azaliwe na misuli legelege, na kila anachojifunza humchukua muda zaidi. Wengi huketi bila kushikwa wanapokaribia mwaka mmoja na kutembea wanapokaribia miwili. Wengine hutembea wakiwa wamepita mitatu. Hayo yamepimwa na yanajulikana. Tunachokataa ni kauli hiyo kutumika kufunga mazungumzo pale ambapo uchunguzi ulipaswa kuanza.

Kwa maana nyuma ya kuchelewa huko hujificha maradhi yanayotibika. Mtoto huyu yuko katika hatari kubwa kuliko wenzake ya kuwa na tezi ya thairoidi isiyofanya kazi ipasavyo. Dalili zake ni ulegevu, usingizi mwingi, choo kigumu, ngozi kavu, makuzi yaliyodorora. Nani katika familia, au hata zahanati, ataziona dalili hizo asiseme ndivyo walivyo? Kipimo ni cha damu na tiba ni kidonge cha kila siku. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaelekezwa kuipima tezi hiyo mtoto anapozaliwa, akiwa na miezi sita, akitimiza mwaka, kisha kila mwaka.

Masikio ndiyo yanayotuuma zaidi. Njia ya sikio la mtoto huyu ni nyembamba, na majimaji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio bila usaha wala kilio. Sauti humfikia kama ya mtu anayesemea chumba cha pili. Mama akimwita kwa nyuma, hageuki. Akimgusa bega, anageuka na kucheka. Nyumbani wanasema ni mkaidi, kliniki wanasema ni akili. Mwaka ule ambao wenzake wanaokota maneno kutoka midomoni mwa wakubwa unampita hivyo hivyo, kisha kimya chake kinahesabiwa kuwa ushahidi wa ulemavu wake. Kosa hilo ni letu watu wazima. Daktari wa masikio, pua na koo angeyagundua majimaji hayo asubuhi moja.

Kuhusu moyo hakuna nafasi ya kusitasita. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo. Tundu kubwa lisipozibwa mapema, damu inayosukumwa kwa nguvu kuelekea mapafuni hukomaza mishipa ya huko, hadi ifike siku ambayo upasuaji hauwezekani tena. Kipimo cha moyo kinapaswa kufanywa mapema baada ya kuzaliwa, hata kama daktari hasikii mlio wa ajabu kifuani. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inafanya upasuaji wa mioyo ya watoto. Mtoto wa wilayani huifikia pale tu mtu alipogundua kwamba anahema haraka, anatoka jasho akinyonya na haongezeki, akamwandikia rufaa. Marekani mwaka 1983 watu wenye sindromu hii walikuwa wakiishi miaka 25 kwa wastani. Leo ni karibu 60. Mabadiliko hayo yametokana kwa sehemu kubwa na upasuaji wa moyo, na watoto kulelewa nyumbani badala ya kufungiwa kwenye taasisi.

Kumfuatilia mtoto ni kuandika anachoweza leo kando ya alichoweza mara ya mwisho. Anaketije? Anajiinua akishika kigoda? Punje ya mahindi anaiokota kwa vidole viwili au kwa kiganja kizima? Anapunga kwaheri, ananyoosha mikono abebwe, anaonyesha kikombe akitaka maji? Ishara hizo ziandikwe, kwa kuwa wengi wao huelewa mengi kuliko wanayoweza kutamka, na anayehesabu maneno peke yake humpa sifuri mtoto anayezungumza kwa mikono kutwa nzima. Kumlinganisha na mtoto wa jirani hakusaidii kitu. Ila aliyekuwa akijiburuza kwa makalio mwezi Januari, na Juni yuko pale pale, achunguzwe. Na aliyekuwa akitembea vizuri kisha akaanza kuyumba, kuinamisha shingo upande mmoja, au kujikojolea baada ya kuwa ameacha, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda pingili za juu za shingo zinabana uti wa mgongo.

Tusiambiwe kwamba haya ni ya nchi tajiri. Mwaka 2010 kilichapishwa kipimo cha makuzi kilichotengenezwa Malawi, kwa watoto wa Malawi, chenye kazi na vitu ambavyo mtoto wa kijijini anavijua. Desemba 2021 Serikali yetu yenyewe ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu kila mtoto hadi miaka minane. Mtoto mwenye sindromu ya Down ni miongoni mwao, au programu hiyo haikumaanisha ilichoandika.

Familia nazo zina hatia yao. Wapo akina baba wanaomtupia mama lawama za ukoo na kuacha safari zote za kliniki ziwe zake. Wapo wanaomhamishia mtoto chumba cha nyuma wageni wakibisha hodi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na ubaguzi wa baba mzazi ni ubaguzi.

Wizara ya Afya iweke kwenye kadi ya kliniki ukurasa wa watoto hawa, wenye tarehe za kupima moyo, tezi, masikio na macho, na nafasi ya kuandika hatua za makuzi hadi miaka mitano. Chanjo ya surua na rubela ya miezi 18 isiwe mwisho wa kuonana nao, na kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na mtaalamu wa utengamao anayejulikana kwa jina hadi zahanati ya mwisho. Wakati ukurasa huo ukisubiriwa, muuguzi anaweza kubana karatasi ya daftari kwenye kadi, akaandika tarehe na alichokiona, na mzazi akaidai karatasi hiyo kabla hajainuka kwenye benchi. Kazi hiyo haihitaji bajeti, na ianze Jumatatu.