"Nimetafuta, Hakuna"

Limezuka neno linalosemwa siku hizi kwa kujiamini kupita kiasi: "Nimetafuta mtandaoni, hakuna." Msemaji hufunga kompyuta yake, ameridhika kuwa kitu chenyewe hakipo duniani. Nalipinga neno hilo.

Hapa Shighatini, katika milima ya Upare ya Kaskazini, jina la mahali petu lina sura mbili maandishini: Shighatini, na Shigatini iliyonyang'anywa ghaini yake. Mtambo usioambiwa kuwa hizo ni moja huzifanya mbili. Lugha ya Wapare huitwa Chasu na wenyewe, Kipare na majirani, na "Asu" katika orodha za wataalamu wa kigeni.

Nanyi ndugu zangu wa pwani msitucheke, maana yenu ni makubwa zaidi. Wosia aliouandika Mwana Kupona mwaka 1858 ni utendi kwa Waamu na utenzi kwa Waunguja. Na jina la mtungaji huandikwa mara kwa maneno mawili, mara kwa moja. Liyongo naye ni Liongo. Shaaban Robert, aliyefariki 1962, amepinduliwa maktabani akawa "Robert, Shaaban", kana kwamba Robert ni ukoo wa Kizungu, ilhali ni jina la baba yake!

Kisha kuna sarufi. Mitambo mingi ya maktaba humruhusu mtu aandike mwanzo wa neno, mwisho auache wazi. Kwa Mwingereza yafaa, kwani maneno yake hurefuka kwa nyuma. Yetu hugeuka kwa mbele: shairi, mashairi, mshairi, ushairi. Aandikaye "shairi" kwa njia hiyo hayapati mashairi.

Huniambia wengine: basi tafuta kwa Kiingereza. Kwa nini? Mwana Kupona hakumuusia binti yake kwa Kiingereza.

Orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kazi ya J.W.T. Allen, ilichapwa 1970. Ni kitabu, hufunuliwa kwa vidole. Asiyekifunua asituhukumie kuwa hakuna. Na wakutubi wanaijua tangu zamani kadi ya "tazama", imtoayo msomaji kwenye tahajia moja na kumfikisha kwenye nyingine. Waiingize kompyutani, wakiwa na washairi ubavuni, nao waanze na Liyongo.