Kijana na Mtambo wa Mazutu

Kijana wa Bukavu anayetaka kujifunza ufundi kwa kutengeneza mtambo wa motokari kuukuu nyumbani, twamsifu. Lakini yafaa aujue kwanza mtambo wenyewe.

Rudolf Diesel, Mjerumani, aliufanikisha huko Augsburg mwaka 1897. Hauna bujii za kuwashia moto. Pistoni huibana hewa hata ikawa moto mno, na mazutu yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Basi pete za pistoni zikilika, au kifuniko cha silinda kikipinda, hewa hutoroka na nguvu hupungua. Milimani kwetu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani, hasara hiyo huonekana upesi.

Twawashauri mambo matatu. Kwanza, utaratibu: kila kipande kitiwe alama ya silinda yake, maana vipande vilivyozoeana havibadilishwi mahali. Pili, usafi: vumbi kidogo tu huharibu pompi ya mazutu. Pompi hiyo mwachieni fundi mwenye vyombo vya kuipimia. Tatu, hadhari: msiweke kidole mbele ya kinyunyizio kinapojaribiwa. Mazutu hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha lionekanalo dogo laweza kumpotezea mtu mkono.

Tena, silinda zipimwe kabla ya kununua kipande chochote. Ikiwa zimelika kupita kiasi, heri kujua mapema, kuliko kutumia bure fedha zilizowekwa kwa karo ya wadogo zenu. Kuuliza si ujinga.